Majuu Huanzia Nansio

Ukitaka kujua ni vijana wangapi wa Mwanza wanaota kwenda majuu, usisumbuke kwenda uwanja wa ndege. Ingia steshenari yoyote ya kule Makoroboi Jumatatu asubuhi. Yupo anayetoa kopi cheti cha kuzaliwa cha baba yake, yupo anayepiga picha ya pasipoti huku shati la kuazima likimbana shingo, na yupo anayejaziwa fomu za Uhamiaji kwenye kompyuta na kijana anayetafuna karanga. Foleni haikatiki.

Jiji la Miamba lenyewe lina tabia ya kumtia mtu hamu ya safari. Kila ukigeuka kuna kitu kinaondoka: pantoni ya Kamanga, boti za Ukerewe, mabasi ya Nyegezi yanayotoka kabla jua halijachomoza. Hata sangara tunayemsifia ni mhamiaji, maana aliletwa ziwani humu miaka ya 1950 na 1960. Siku hizi minofu yake inakwenda Ulaya ikiwa kwenye barafu, na hakuna anayeiuliza benki statement. Wewe na mwandani wako mtaulizwa.

Nilikaa Mwanza wiki moja nikiwafuata wawili ambao majina yao nayaacha, kwa sababu wakwe bado hawajui. Mama ni muuguzi mwenye digrii. Baba ni fundi umeme, amesoma VETA. Wana binti wa miaka minne, kiwanja Buswelu, na mpango wa kwenda Uingereza. Nilipowauliza wamefikia wapi, mama alicheka akasema, "Dada, tumefika Nansio."

Hakuwa anatania. Baba alizaliwa Ukerewe na hakuwahi kuchukua cheti cha kuzaliwa. Sasa bila cheti hicho, pamoja na kitambulisho cha NIDA na cheti au kiapo cha mzazi, pasipoti ni ndoto. Pasipoti yenyewe, hii ya kielektroniki iliyoanza kutolewa mwaka 2018, inadumu miaka 10 na gharama yake ni shilingi 150,000. Hela hiyo mtu anaipata. Shida ni majina. Cheti cha darasa la saba kinamwita kwa jina la babu, NIDA inamwita kwa jina la ukoo, na leseni ya udereva imeongeza herufi moja ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi.

Tukapanda boti ya Nansio. Ni saa tatu hivi za maji, upepo na visiwa vya mawe, na kama hukuwahi kwenda, nenda hata kama huna shida na RITA. Wakati abiria wengine wanasinzia, baba alikuwa ameshika bahasha ya plastiki mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Nansio ndipo yalipo makao ya wilaya, na mambo ya vizazi hufanyikia ofisi ya mkuu wa wilaya. Aliambiwa alete kiapo cha mzazi na kadi ya kliniki au ushahidi mwingine wa kuzaliwa pale. Mama yake mzazi yuko hai, namshukuru Mungu kwa niaba yake. Kuna watu wanaanza kazi hii mzazi akiwa ameshafariki, na hapo ndipo utajua uzito wa karatasi.

Ushauri wangu hapa ni mfupi: kabla hujamtafuta wakala, tandika vyeti vyenu vyote kitandani usiku mmoja, msome herufi kwa herufi. Kama majina yanagongana, nenda kwa wakili mkatengeneze hati ya majina na kuisajili mapema. Ofisa wa viza hakujui, wala hajui kwamba kwenu mtoto huitwa kwa jina la babu.

Siku ya tatu tulivuka kwenda Sengerema. Zamani pale Kigongo ungepanga foleni ya kivuko hadi mahindi ya kuchoma yakuishie mkononi. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kama kilomita 3, na unavuka kwa dakika chache. Safari hii ilimhusu mama. Mahari ilitolewa kwao, ng'ombe walihesabiwa, watu walikula wakashiba, na kila mtu Sengerema anajua hawa ni mume na mke. Ila cheti cha ndoa hawana.

Wapenzi wasomaji, hapa wengi wetu tunajidanganya. Ni kweli Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kimila, na kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja kama mume na mke kwa miaka miwili au zaidi. Dhana hiyo inaweza kukusaidia mahakamani hapa Bongo. Mezani kwa ofisa wa viza, hadithi ya ng'ombe haina muhuri. Ndoa ya serikali inahitaji taarifa itolewe siku 21 kabla. Siku 21! Watu wameishi pamoja miaka sita, wanashindwa siku 21.

Bibi yake mama alisikiliza yote haya akiwa amekaa kwenye mkeka, kisha akauliza swali moja tu: "Na huyu mjukuu wangu mdogo anabaki na nani?" Hakujibiwa. Chai iliendelea kunywewa.

Sasa tuje kwenye mambo ya Uingereza yenyewe. Mama alikuwa ameshafuatwa na jamaa mmoja anayesema hospitali za huko zimemtuma achague wauguzi Mwanza, ada milioni tatu, nusu kwanza. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kwa kanuni za Uingereza hairuhusiwi waajiri au mawakala kuja kuwasaka wauguzi katika nchi hizo. Muuguzi anaruhusiwa kuomba kazi mwenyewe, moja kwa moja. Kwa hiyo mtu anayekuambia ametumwa kukuchagua, au hajui sheria au anaijua vizuri sana. Na hata kwa nchi nyingine, wakala wa ajira hapa nchini anatakiwa awe na leseni ya serikali. Mwambie akuonyeshe. Akikasirika, umeshapata jibu.

Njia halali ni ndefu: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta wa baraza la wauguzi la huko, kisha mtihani wa vitendo ukishafika. Muuguzi anaweza kuambatana na mwenza na mtoto. Ila usichanganye na njia nyingine. Wahudumu wa kulea wazee walizuiwa kupeleka familia kuanzia Machi 2024, na Julai 2025 mlango wa kuwaajiri kutoka nje ukafungwa. Wanafunzi wengi nao walipoteza nafasi ya kwenda na wenza Januari 2024. Kanada wanataka mwanafunzi aonyeshe dola zao 22,895 za kujikimu kwa mwaka, kiwango cha Septemba 2025, bila kuhesabu ada wala nauli. Ibadili kuwa shilingi ukiwa umekaa. Na waliokuwa wakicheza bahati nasibu ya Green Card kila mwaka, Desemba 2025 Marekani ilitangaza kuisimamisha. Milango hii inafungwa na kufunguliwa kama ya daladala, kwa hiyo soma tovuti ya serikali husika wiki hiyohiyo unayolipa ada.

Na viza haiombwi Mwanza. Balozi ziko Dar, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Weka nauli na malazi kwenye bajeti, maana wengi husahau.

Jioni moja tuliketi Capri Point, mwamba wa Bismarck ukiwa mbele yetu, na ndipo suala la kiwanja likaibuka. Baba alitaka kiuzwe kilipie mitihani na nauli. Mama akasema, "Baba, ukiuza kile, tukirudishwa tutafikia wapi?" Nilikuwa upande wa mama, na nilisema wazi. Kiwanja kimeandikwa jina la baba peke yake, kama vilivyo viwanja vingi. Kama pangekuwa na nyumba ya ndoa, kifungu cha 59 cha sheria ileile kinazuia mmoja kuuza bila ridhaa ya mwenzake. Kingine ni uraia: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari anapoteza wa Tanzania, na asiye raia hamiliki ardhi kama raia. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, ambayo imelegeza mambo, lakini si uraia pacha.

Kilichonigusa zaidi ni baba. Hapa jijini ana wateja, anapigiwa simu usiku umeme ukikatika. Kule cheti chake cha VETA hakitamruhusu kushika waya bila kusoma upya. "Nitabeba boksi," alisema, akijaribu kutabasamu. Mama hakucheka. Alimuuliza ni miezi mingapi anaweza kubeba boksi kabla hajaanza kumlaumu yeye. Baba alitazama ziwa muda mrefu, akasema mwaka. Mama akasema basi atatangulia yeye, baba na mtoto wafuate akishajua kodi ya nyumba na baba akishapata pa kusoma. Wakakubaliana wasizidishe miezi kumi, na simu ya kila siku iwe ya video, na hela ya kutuma Sengerema na Nansio ijulikane kiasi kabla hajapanda ndege.

Nilipoondoka Mwanza, taarifa ya ndoa yao ilikuwa na siku tisa. Cheti cha baba kilikuwa bado Nansio. Kiwanja hakijauzwa, na yule jamaa wa milioni tatu alikuwa amepiga simu mara nne.