Mausi ya Mkono wa Shoto

Litumbandyosi, Mbinga

Mwanangu mpenzi,

Baba yako anakohoa kidogo kwa vumbi la kiangazi, lakini shambani anakwenda. Meseji yako nimeisoma, nikaona nijibu kwa barua, maana niliyo nayo hayaenei kwenye simu.

Unasema msimu wa kahawa umeanza, karatasi za wakulima zimejaa mezani, na ikifika jioni kifundo cha mkono kinauma. Unataka kununua mausi isiyo na waya kama ya mwenzako pale ofisini, ile ya kusimama wima.

Usiinunue. Sisemi ni mbaya. Kiganja kinatazama pembeni badala ya kulala kifudifudi, mkono haupati kule kusokotwa, na wapo inaowafaa sana. Lakini ya mwenzako imetengenezwa kwa mkono wa kulia, na wewe ni wa shoto. Za shoto za namna hiyo zipo, ila kwenye maduka ya kwetu kuzipata ni kazi. Ukichukua ya kulia itabidi uhame mkono, na hilo silitaki. Enzi zetu mtoto wa shoto alichapwa mpaka ashike kalamu kwa kulia. Wewe ulipona kwa sababu bibi yako alifunga safari kwenda kumwambia mwalimu akuache. Sasa usijichape mwenyewe.

Tena kwa kazi yako shoto ni mali. Tazama kibodi: vitufe vya tarakimu vimejazana upande wa kulia. Karani wa kulia akishaingiza kilo za kahawa ya maganda na makato ya mkulima, anautoa mkono kwenye tarakimu, anaupeleka kwenye mausi, anaurudisha, hivyo hivyo kutwa. Na mausi yake imekaa mbali, ng'ambo ya hizo tarakimu, kwa hiyo bega linavutwa nje muda wote. Wewe mkono wa kulia unabaki kwenye tarakimu, wa kushoto umeshika mausi, na mausi yenyewe iko karibu na mwili. Wapo wahasibu wa kulia wanaojifundisha kwa makusudi kufanya hivyo, wewe umezaliwa nayo!

Basi tafuta mausi iliyo sawa pande zote mbili. Ukiona ubavu mmoja una bonde la kulaza kidole gumba, iache, bonde hilo ni la gumba la kulia. Ukifika ofisini, ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya mausi, uchague kitufe kikuu kiwe cha kulia. Hapo kidole chako cha shahada ndicho kitakachobonyeza kazi nyingi. Kompyuta kama mnatumia wawili, mwambie mwenzako kwanza, asije akadhani imeharibika.

Ukubwa ndio usiufanyie mzaha. Jipime kwa rula kuanzia mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Chini ya sentimita 17 hivi, mkono ni mdogo, na wako najua ni mdogo kama wa mama yako. Lakini mkono mdogo usikupeleke kwenye zile mausi bapa za kubeba na laptopu. Zile zinakunja vidole, na kiganja kinaning'inia bila pa kutua. Unataka yenye mgongo wa kujaza kiganja. Hata jembe la kuchimbia mashimo ya ngolo shambani, mtu huchagua mpini wa mkono wake, haulizi jirani ananunua upi.

Ukienda Songea kununua, mwenye duka atakuonyesha boksi. Mwambie alifungue. Laza mkono, ufumbe macho. Vidole vilale juu ya vitufe bila kunyooshwa, ubavuni ushike bila kubana, kifundo kisipinde kwenda juu. Tabora, chuo cha uhazili, tulifundishwa kifundo kinyooke juu ya taipureta, na mwili wa mtu haujabadilika kwa kuja kwa kompyuta. Taa za rangi usizilipie. Zile namba kubwa za kasi kwenye boksi ni za wacheza gemu. Kwa majedwali yako, 1,000 hadi 1,600 inatosha.

Chukua ya betri moja ndogo ya saa ya ukutani. Za betri mbili ni nzito, na za kuchaji zitakusumbua umeme ukikatika, wakati betri hiyo hata hapa Litumbandyosi dukani ipo. Kompyuta yenu ni ya zamani, huenda haina bluetooth, hivyo nunua yenye kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Kichomeke mbele ya kompyuta, kisijifiche nyuma ya bati, wala kisikae ubavuni mwa diski ya nje iliyo kwenye tundu la USB la buluu, la sivyo mshale utarukaruka. Na kisipotee: mausi nyingi bila kidude chake ni takataka. Meza kama ina kioo, tandika karatasi.

Kiti kipandishe mpaka kiwiko kilingane na meza, la sivyo hata mausi ya bei gani haitakusaidia. Na ukiona gumba, shahada na kidole cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku, hiyo ni neva inabanwa kwenye kifundo. Nenda hospitali, usingoje msimu uishe. Kikifa ganzi kidole cha mwisho, chunguza kiwiko, huenda unakiegemeza kwenye ukingo wa meza.

Nusu ya hela nimekutumia kwa simu, nusu utajaza mwenyewe. Risiti na boksi vitunze, na umuulize mwenye duka kabla hujalipa kama atakubali uirudishe mausi.

Ni mimi, shangazi yako.