Sakafu Niliyowatandikia Vifaranga



Wapendwa waamini, juma hili nawaletea habari za vifaranga. Najua wapo watakaosema Padre ameishiwa na mambo ya kutafakari. Nawaomba wanivumilie hadi mwisho, kwa maana nyumba nyingi hapa Karatu zina kuku uani, na kosa nitakalolisimulia huenda limetendeka pia kwenu.

Ulikuwa mwezi wa Julai, majira ambayo ukungu wa nyanda za juu za Ngorongoro hutufunika asubuhi na baridi hupenya hadi mifupani. Nilikuwa nimenunua vifaranga 50 wa siku moja. Kwa kuhofia baridi, niliwaweka stoo, penye sakafu ya saruji iliyolainishwa, nikatandika magazeti ya zamani, nikaning'iniza taa ya joto. Nikajiona mfugaji hodari.

Asubuhi ya siku ya tatu nikakuta wanne wamelala kifudifudi, miguu imetanuka, mmoja huku na mwingine kule, mfano wa mtu aliyeteleza kwenye tope la masika. Walipiga mabawa wakitaka kukifikia chakula, wasiweze kuinuka. Nikakata shauri kwamba wamezaliwa vilema, na kwamba ni huruma kuwaondolea mateso. Watatu niliwamaliza kwa mikono yangu mwenyewe. Wa nne alinusurika kwa sababu Bibi mmoja jirani, aliyekuwa ameleta maziwa, alinikuta bado nimemshika.

“Padre, huyo ana kosa gani?”

“Miguu yake haifai, Bibi.”

Hakunijibu. Aliingia stoo, akainama, akapitisha kiganja juu ya gazeti. Kisha akauliza kwa upole, “Na wewe, Padre, ungeweza kusimama hapa?”

Kifaranga wa siku chache ana viungo laini bado. Asipopata kitu cha kushika kwa kucha zake, miguu huteleza na kupanuka, na ikiachwa hivyo, viungo huzoea mkao ule mbaya. Bibi alichana utepe wa kitambaa laini, akaifunga miguu yote miwili kwa namna ya pingu legevu, akiacha kati yake nafasi ya sentimita 2 au 3 hivi. Akamweka peke yake juu ya kipande cha gunia, maji na chakula vikiwa karibu na mdomo. Kila siku tulifungua utepe kuona kama unakata ngozi. Siku ya nne akasimama. Juma lilipokwisha, sikuweza tena kumtambua miongoni mwa wenzake. Magazeti tuliyaondoa, tukamwaga maranda ya mbao, na hakuna mwingine aliyepanuka miguu.

Hapo ndipo wale watatu waliponirudia moyoni. Nilikuwa nimewahukumu kwa kosa la sakafu, na sakafu niliitandika mimi.

Tangu siku ile nimejifunza kwamba miguu mibovu haina chanzo kimoja. Kifaranga ambaye vidole vyake vimekunjwa ndani kama ngumi, mara nyingi amepungukiwa vitamini B2, iliyomo katika maini, maziwa na majani mabichi. Akiwahiwa kwa unga wa vitamini unaochanganywa katika maji ya kunywa, huweza kupona. Akicheleweshwa, hubaki hivyo. Sisi wa Karatu tuna mahindi, na ni rahisi kudhani mahindi yanatosha. Hayatoshi. Yana upungufu wa vitamini hiyo, na hata wa madini ya manganizi, ambayo kifaranga akiyakosa, kano ya nyuma ya mguu huweza kuchomoka mahali pake na kiungo kikavimba. Huyo ni vigumu kumponya. Lakini pumba za ngano, tuliyo nayo mashambani mwetu, zina manganizi kwa wingi. Kadhalika jua la asubuhi na dagaa waliosagwa husaidia mifupa isiwe laini na kupinda.

Sitawadanganya kwamba kila kilema huponyeka. Mwaka uliofuata, kuku wangu mmoja wa miezi miwili alianguka, mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma. Nilimfunga utepe, nikampa vitamini, nikamsubiri majuma mawili, kwa sababu ya wale watatu. Afisa mifugo alipomwona alisema dalili zile ni za ugonjwa wa Marek, uitwao kwa jina la daktari wa mifugo József Marek wa Hungaria, aliyeueleza mwaka 1907. Ni ugonjwa wa virusi, huenea kwa vumbi la manyoya, wala hauna tiba. Kinga yake ni chanjo ambayo kifaranga hupewa siku anayoanguliwa. Tangu hapo sinunui vifaranga kabla ya kuuliza kama wamechanjwa. Yule kuku nilimchinja, safari hii nikijua kwa nini.

Tofauti ya siku hizi mbili ndiyo niliyotaka kuwashirikisha. Mikono ilikuwa ileile, na kisu huenda kilikuwa kilekile. Lakini mara ya kwanza sikuuliza chochote. Ninyi wazazi, walimu na viongozi wa jumuiya mtaelewa bila mimi kuongeza mahubiri.

Basi, ukimwona kifaranga ameanguka, usianze na miguu yake. Piga goti kwanza, upitishe kiganja sakafuni. Kisha tazama chakula ulichompa.

Nawatakia juma jema, nyote na mifugo yenu.