Glyncorrwg: Kijiji cha Daktari Aliyewafuata Wazima

Leo twende mbali kidogo, hata nchi ya Wales, iliyo upande wa magharibi wa kisiwa kile kile cha Waingereza. Msiogope baridi wala mvua. Tutarudi nyumbani kabla ya mwisho wa safari, tena tutarudi na mzigo wenye faida.

Mtu ashukaye gari moshi mjini Port Talbot, kando ya bahari, anafika katika mji uliojulikana sana kwa tanuru zake za chuma, ambazo zilizimwa mwaka 2024. Hapo huipa bahari mgongo, akaufuata mto Afan kwenda juu. Kadiri anavyopanda, bonde linazidi kuwa jembamba na milima inamsogelea huku na huku. Akifika Cymmer, barabara ndogo inajitenga na ile kubwa na kukifuata kijito kiitwacho Corrwg. Mwisho wake ni kijiji cha Glyncorrwg. Barabara yenyewe inakoma papo hapo. Mbele ni milima na msitu tu.

Nyumba za kijiji zimejengwa kwa safu, ukuta kwa ukuta, maana ni nyumba za wachimba makaa ya mawe. Baba aliingia shimoni, na mtoto akikua akamfuata. Mwaka 1970 shimo likafungwa, na kazi ikaisha. Siku hizi wageni huja na baisikeli kupanda vilima vile. Hakuna mnara mkubwa wala ngome ya kutazama. Hata hivyo madaktari wa nchi nyingi wanalijua jina la kijiji hiki kidogo. Kwa nini?

Mwaka 1961 alifika hapo daktari mmoja, jina lake Julian Tudor Hart. Alikuwa mtu wa chama cha Kikomunisti, na katika mengi sisi Wakristo hatukubaliani na chama hicho. Lakini jema ni jema, na mti hujulikana kwa matunda yake.

Tangu mwaka 1948 Serikali ya nchi ile iliweka utaratibu wa matibabu ambao mgonjwa halipi kitu mbele ya daktari. Kila jamaa huandikishwa kwa daktari wake wa karibu, anayewatunza wote, mtoto na babu. Basi Daktari Hart alikuwa na daftari la majina ya watu wake wote. Akajiuliza: Hawa wanaobisha hodi nawajua. Na wale wasiobisha, ni wazima kweli?

Swali hilo lilikuwa na maana kubwa kwa sababu ya presha ya damu. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Presha ya juu mara nyingi haiumi wala haileti homa. Mtu analima, anacheka, anakula vizuri. Kumbe mishipa yake inaharibika pole pole. Siku moja anaanguka kwa kiharusi, au moyo unasimama, na watoto wanabaki yatima. Mwaka 1967 madaktari wa Marekani walikuwa wameonyesha wazi kwamba dawa huwakinga na mabaya hayo watu wenye presha kali. Dawa ilikuwapo, basi. Kilichokosekana ni kumjua wa kupewa.

Kwa hiyo mwaka 1968 Daktari Hart akaanza kuwapima watu wazima wote wa kijiji, wenye miaka 20 hadi 64. Aliyekuja kwa kikohozi alipimwa presha. Aliyekuja na kidole kilichokatwa alipimwa presha. Ambao hawakuja kabisa, akawatafuta. Karibu wote walikubali. Waliokutwa na presha ya juu hawakupewa dawa mara moja na kuachwa. Waliitwa tena na tena, mwaka hata mwaka, na kushauriwa waache sigara.

Je, kazi hiyo ilizaa nini? Hesabu ya kazi ya miaka 25 ilitolewa mwaka 1991 katika gazeti la madaktari wa Uingereza. Katika Glyncorrwg wavuta sigara walikuwa wamepungua, na vifo vya watu wasiofika miaka 65 vilikuwa vichache kuliko katika kijiji jirani, ambacho watu wake walikuwa na maisha ya namna moja.

Daktari huyo aliandika pia, mwaka 1971, jambo lililowachoma wengi: kwamba matunzo mazuri hupatikana kwa shida zaidi pale pale yanapohitajiwa zaidi. Alifariki mwaka 2018.

Sasa turudi kwetu. Wako wanaosema presha ni maradhi ya Wazungu na matajiri wa mjini. Si kweli. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliwafuata Wajaluo wa Kenya waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi. Presha zao zilianza kupanda baada ya muda mfupi tu, na chumvi katika chakula chao ilikuwa imezidi. Leo duniani watu wazima zaidi ya bilioni 1 wana presha ya juu, na zaidi ya 4 katika kila 10 kati yao hawajui.

Basi, wewe baba na wewe mama, nenda zahanati ukapimwe, hata kama huumwi. Kaa kitako kwanza dakika 5, umetulia, ndipo ufungwe kile kitambaa mkononi. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena. Ukipewa dawa, usiziache kwa kuwa unajiona mzima. Zungumza kwanza na daktari. Chumvi isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile iliyomo chakulani tayari.

Na sisi tulio katika jumuiya za Kikristo tunalo daftari la majina kama Daktari Hart. Tunajua nani hakuonekana kwenye sala, na nani ni mjane asiye na wa kumsindikiza. Mchungaji mwema aliwaacha kondoo 99, akamfuata mmoja. Jumapili hii, baada ya Misa, mtafute jirani ambaye hajawahi kupimwa, mkaongozane.