Moshi Machoni pa Mama

Wahenga walinena kuwa panapofuka moshi pana moto. Kwetu sisi, palipofuka moshi palikuwa na mama. Alikuwa mpishi katika shule ya bweni. Kila alfajiri aliteleka sufuria kubwa za maji baridi, akapuliza kuni mbichi hadi macho yakawa mekundu. Tuliyazoea macho hayo tukadhani ndivyo alivyoumbwa.

Miaka miwili kabla ya kustaafu kwake, shule iliweka juu ya paa mitambo ya kupasha maji kwa jua, pamoja na tangi la kuyahifadhi joto usiku. Hesabu yake ni nyepesi. Maji ya nyuzijoto 20 hupanda nyuzi 80 ndipo yafike 100. Jua likiyafikisha 60, kuni hubakiwa na nusu ya safari. Naam, githeri bado ilitokota kwa kuni, na siku za mawingu moshi ulirejea.

Mimi niliyefunzwa kuchambua taswira za moshi vitabuni, sikuwahi kuusoma ule wa nyumbani. Mama, macho yake sasa yakiwa na ukungu, aliniuliza swali ambalo bado sijalijibu: “Kwani mwanangu, jua hili lilianza kuwaka lini?”