Kutu chini ya rangi: Wikendi na Land Rover kuukuu katika nchi ya chai

Msomaji, ukibahatika kwenda Bomet, usiende mbio. Ondoka Nairobi Jumamosi alfajiri, teremka Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, pita Narok na mashamba yake ya ngano, vuka Mulot, na kabla ya adhuhuri utakuwa mjini Bomet. Hapo utahisi hewa imebadilika. Vumbi la Narok umeliacha nyuma, na mbele yako ni vilima vilivyovikwa kijani kimoja, kimepunguzwa sawasawa juu kama nywele za askari aliyetoka kwa kinyozi. Hayo ndiyo majani chai. Shika njia ya Silibwet, na lami itakapokuaga uwe tayari kwa utelezi, maana udongo wa huku ni mwekundu na mvua hunyesha karibu kila alasiri.

Huko ndiko kwa baba mkwe wangu. Novemba nilikwenda na mke wangu na watoto wetu wawili kumsaidia mzee kutengeneza gari lake. Nasema kusaidia, lakini ukweli ni kwamba kazi yangu kubwa ilikuwa kushika tochi.

Gari lenyewe ni Land Rover ya kijani, ile fupi. Mzee, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliinunua mnadani zamani, shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho lilipokuwa likiuza magari yake makuukuu. Tangu siku hiyo imebeba magunia ya majani chai hadi kituo cha kununulia, mikebe ya maziwa, maharusi, wagonjwa na hata majeneza. Aprili iliyopita, mvua ikiwa imechacha, mzee alikuwa akiteremka kwenda mtoni. Akakanyaga breki. Mguu ukaenda hadi chini pasipo kupata kitu. Mbele yake walikuwa watoto wakitoka shuleni. Alikata usukani, gari likaruka mtaro na kuingia ndani ya shamba la jirani. Kama hujui nguvu ya mchai, basi jua kwamba michai kama ishirini iling'oka kabla gari halijasimama. Mzee aliilipia yote, akalivuta gari kwa ng'ombe hadi chini ya mkaratusi nyumbani kwake, na humo kuku wakapata kiti cha kutagia.

Basi tulipofika tulimkuta shemeji wangu, kitinda mimba wa mzee, ambaye hufanya kazi Nairobi. Alikuwa ametangulia kwa matatu, akiwa na makopo mawili ya rangi. Shemeji alikuwa Nakuru Mei 2024, wenye Land Rover walipokusanyika kujaribu kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo. (Oktoba mwaka huo huo wenzao wa Tanzania nao walijaa Arusha.) Tangu hapo hana usingizi. Alitaka gari lipakwe rangi, ling'arishwe, kisha liuzwe kwa hao wa mjini wanaoyapenda makuukuu, na mzee anunuliwe pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea majani chai.

Kabla sijaendelea, nikuonyeshe namna ya kusoma umri wa Land Rover, ili siku ukikutana nayo uwatambie watoto. Tazama taa za mbele. Zikiwa zimesogeleana karibu na pua, kama macho ya bundi, gari hilo ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Zikiwa pembeni, juu ya mabawa, ni la baadaye. Kisha chungulia ndani. Saa ya mwendo ikiwa katikati ya dashibodi, huenda ni toleo la pili, lililoanza mwaka wa 1958. Ikiwa mbele ya dereva, ni la tatu, lililoanza mwaka wa 1971 na kukoma mwaka wa 1985. Baadhi ya hayo yaliunganishwa hapa hapa Kenya, katika kiwanda cha Leyland mjini Thika. La mzee lina taa pembeni na saa katikati. Hesabu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kutu. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, na huko Uingereza chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo, huku alumini ya kuundia ndege ikiwa tele. Wakaunda mwili wa gari kwa alumini. Hata ile rangi ya kijani ya magari ya kwanza ilitoka kwenye akiba ya ndege za vita. Ndiyo maana unaona Land Rover ya umri wa babu yako ikiwa na milango mizima. Lakini fremu, ule uti wa mgongo unaobeba injini na mwili, ni chuma: mabamba manne yaliyochomelewa pamoja yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Matundu ya kutolea maji yamo. Tope la Bomet likiyaziba, maji hubaki humo yakila chuma kutoka ndani, na wewe unayeosha gari kila Jumapili huoni lolote. Watu wa Mombasa hulaumu chumvi ya bahari. Huku mwizi ni tope.

Fundi alikuja na nyundo ndogo, akatandika gunia, akalala chali chini ya gari. Alikuwa akigonga na kusikiliza, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Chuma kizima kililia kikavu. Alipofika chini ya mlango wa dereva, mlio ukawa mzito kama wa boga, na pigo la pili nyundo ikazama. "Lete tochi," akaniita. Alipochomoa nyundo, kutu ilimwagika kifuani mwake, nyeusi na nyepesi, mithili ya majani chai yaliyotoka kiwandani.

Akatoka, akajipangusa, akamtazama shemeji na makopo yake. "Ndugu yangu, wewe unamtafutia bibi harusi viatu, na mguu wake umevunjika."

Pesa zilizokuwapo zilikuwa za bonasi ya Oktoba, ile ambayo wakulima wa upande huu wamekuwa wakilalamika kwamba ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Zingetosha fremu na breki, au rangi na viti. Mbili kwa pamoja, la hasha. Mzee aliuliza swali moja tu: "Rangi itanisimamishia gari kule mteremkoni?" Shemeji naye hakuwa na hoja mbovu. Baba amezeeka, akasema, na gari lililowahi kukataa kusimama linaweza kukataa tena. Nakuungamia, msomaji, kwamba moyoni nilikuwa upande wake. Wajukuu wanaopakiwa humo ni watoto wangu.

Aliyekata kesi ni mama mkwe, aliyekuwa akitumiminia mursik kutoka kwenye kibuyu. "Na usiku wa mvua, mtu akiugua, pikipiki itambeba vipi?" Kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe mwenyewe ulizaliwa kwenye kiti hicho cha nyuma, kabla hatujafika Tenwek." Shemeji alikunywa mursik yake kimya.

Mchana huo mzee, shemeji nami tulifuata vipuri Kericho kwa gari langu dogo: Kaplong, Kapkatet, Litein, Chemosit. Itazame njia hiyo siku utakapoipita. Mwanzoni chai ni vishamba vya watu, kimoja kikiwa na ng'ombe pembeni, kingine mahindi. Ukikaribia Kericho ua wa mwisho unakwisha, na chai inakuwa bahari, shamba moja hadi upeo wa macho. Makampuni ya Waingereza yalianza kupanda hapo miaka ya 1920. Mwaka wa 1934 serikali ya mkoloni iliwaondoa watu wa ukoo wa Talai katika nchi hii na kuwapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Mzee hakusema neno tulipopita hapo. Sijawahi kumsikia akiusifu uzuri wa sehemu hiyo.

Tulirudi na bamba la chuma, bomba la breki, raba za silinda na mafuta ya breki. Kabla fundi hajawasha jenereta na kuanza kuchomelea, alifungua betri na kulitoa tangi la petroli, maana katika gari hili tangi liko chini ya kiti. Usiruhusu fundi yeyote aruke hatua hiyo. Alikata sehemu iliyooza hadi akafikia chuma safi, akakongoa ndoo nzima ya tope, akaziba kwa bamba jipya, kisha akamimina oili chafu ndani ya fremu. Shemeji ndiye aliyekuwa akimshikia bamba, na kufikia jioni alikuwa mweusi kuliko fundi.

Breki zilikuwa kazi ya familia nzima. Elewa kwamba gari la zama zile lina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, miguu yote minne imekwisha nguvu, na hicho ndicho kilichompata mzee. Ukishatia bomba jipya lazima utoe hewa, ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Binti yetu mwenye miaka kumi na mmoja alipewa pedali. "Kanyaga!" Fundi anafungua nati, mapovu yanatoka kwenye chupa. "Shikilia!" Anafunga. "Achia!" Walifanya hivyo mpaka mapovu yakaisha na mguu wa mtoto ukaanza kutetemeka. Hakukubali kupokezwa.

Jumapili asubuhi hakuguswa spana, tulikwenda kanisani. Baada ya chakula mzee akaingia garini peke yake. Aliturudisha nyuma sote, hata fundi. Akavuta mkono mwekundu, ule wa kupunguza mwendo na kuyapa nguvu magurudumu yote manne, akaanza kuuteremka mlima ule ule. Sisi tulisimama langoni mwa jirani. Mke wangu alinishika mkono, jambo ambalo si desturi yake mbele ya wazazi. Katikati ya mteremko gari lilisimama. Likaenda tena, likasimama tena, safari hii mkabala na michai iliyong'oka, ambayo jirani alikuwa ameshapanda mingine mahali pake. Hapo mzee akavuta breki ya mkono, ambayo katika Land Rover hii hukaba mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, akashuka, akamsalimu jirani.

Saa tisa mvua ikaja bila kubisha hodi. Gari langu lilizama mtaroni hata kabla ya kufika kwenye kituo cha majani chai, na mzee akalifunga mnyororo akalivuta hadi kwenye lami, watoto wangu wakiwa wamekaa naye mbele na kunipungia mkono kwa dharau. Tulipofika lami shemeji, ambaye alikuwa akirudi nasi Nairobi, alishuka mvuani. Alifungua buti, akatoa makopo yake mawili ya rangi, akayapanga nyuma ya Land Rover, kwenye kiti cha kuku.

"Bonasi ijayo, Baba," akasema.

Mzee alikuwa amekwisha kulitia gari moto. Sijui kama alisikia.