Kabla hujamjibu mtafiti mambo ya moyoni



Duka langu la kushona lipo Ipogolo, pale chini kabla hujapandisha Iringa mjini, kwenye barabara ya malori ya Mbeya. Siku moja aliingia dada mmoja na karatasi za maswali, akawakuta wateja watatu kwenye benchi. Mmoja ni biharusi wa miezi minne, kaja na mama mkwe wake. Dada akaanza palepale: unapata usingizi? Unalia mara kwa mara? Umewahi kufikiria kujidhuru? Mumeo amewahi kukupiga? Biharusi akatazama sakafu, kila swali akajibu hapana, na hapana zake zikaandikwa. Nilipomvuta yule dada pembeni aliniambia wote wametia saini. Saini ya nini, mbele ya mkwe?

Kazi ile inayo njia yake, na ilishafanyika huku huku Nyanda za Juu. Mwaka 2001 na 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wataalamu wa Muhimbili waliwahoji wanawake wa Dar es Salaam na mkoa wa Mbeya, wenye miaka 15 hadi 49, juu ya ukatili wa waume na wenza. Waliuliza na hali ya moyo pia, maswali 20 ya wiki nne zilizopita, usingizi na kulia humo humo.

Kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu. Nyumbani na mtaani utafiti ulitajwa kuwa wa afya na maisha ya wanawake, neno ukatili halikusemwa. Mhojiwa mwenyewe ndiye aliyeelezwa akiwa peke yake, akaulizwa kama yupo tayari. Kuna watakaosema huo ni uongo. Mimi naona ni sitara, maana mume akijua mkewe kaulizwa nini, kipigo kinaweza kufuata usiku huohuo. Waliouliza walikuwa wanawake waliofundishwa. Mtoto aliyezidi miaka miwili hakukaa karibu, kwani watoto husimulia. Mtu akiingia ghafla, muulizaji anageuza mazungumzo kwenye maswali mengine yasiyo na madhara. Na kwa jambo zito kuliko yote, kuguswa vibaya utotoni, mwanamke alipewa kadi yenye sura mbili, moja inacheka na moja ina huzuni, akaweka alama bila kutamka neno.

Kwa hadhari hiyo wakasema. Kati ya waliowahi kuwa na mume au mwenza, asilimia 41 Dar es Salaam na asilimia 56 Mbeya walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili au wa kingono na mwenza. Kwenye benchi langu ingetoka sifuri.

Sasa nyinyi mnaoingia ndoani, mtaulizwa, kliniki au mlangoni. Mtafiti kuja na mjumbe wa mtaa ni ruhusa ya kuingia mtaani tu. Mume kumkaribisha ndani ni adabu njema, lakini ridhaa ya kujibu ni yako wewe. Soda au nauli isikufunge mdomo wala isikufungue. Unaweza kuruka swali au kuacha katikati bila kutoa sababu, na huduma ya kliniki usinyimwe kwa hilo. Omba uone kibali cha maadili: huku Bara ni cha NIMR, kwenu Zanzibar ni cha ZAHRI, na karatasi ya ridhaa iwe na simu ya kulalamikia. Uliza pia kama jina lako litaandikwa au namba tu, na karatasi zitafungiwa wapi.

Akifika kwenye swali la kujidhuru, nawe muulize: nikisema ndiyo, utanipeleka kwa nani? Aliyejiandaa atakutajia mahali na mtu. Asiye na jibu mpe chai, karatasi zake azikunje.