Kwa Baiskeli hadi Bweni

Baiskeli ya marehemu mume wangu ilikaa stoo miaka miwili. Mara tatu nilipata mteja, na mara tatu kijana wangu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 16, alikataa isiuzwe. "Mama, baba aliiendesha hii kutoka Pangani mpaka Korogwe alipokuja kutafuta kazi. Nami nataka kuipita njia ile."

Ndugu msomaji, mimi njia ile nilikuwa naikimbia. Ng'ambo ya mto Pangani, kijijini Bweni, anaishi mama mkwe wangu, na tangu siku ya arobaini ya marehemu sikukanyaga huko. Siku ile tulitupiana maneno mimi na wifi yangu, dada wa marehemu, juu ya shamba la minazi. Akina mama wenzangu mnajua maneno ya namna hiyo yanavyoumiza yanaposemwa mbele ya watu. Niliondoka bila kuaga.

Julai 2024 tukapata habari kuwa bibi hawezi tena kutembea peke yake. Kijana hakusema kitu, ila nilimkuta uani akiipaka mnyororo mafuta. Nikaenda kwa jirani yangu mwalimu kuazima baiskeli isiyo na chuma cha juu, ili niweze kupanda na gauni langu. Basi lilikuwepo na nauli nilikuwa nayo. Lakini ukipanda basi unafika kabla moyo haujajiandaa. Juu ya baiskeli, niliwaza, nitakuwa na nafasi ya kurudi nyuma nikitaka.

Siku ya kwanza: Korogwe hadi Muheza

Tuliondoka saa 11 na nusu alfajiri, kabla mabasi hayajachangamka. Nje kidogo ya mji barabara inavuka mto Pangani. Mto huu hupata maji yake Kilimanjaro na Meru, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, nao husafiri kama kilomita 500 mpaka baharini. Karibu na Korogwe huongezewa maji na mto Lwengera unaoshuka kutoka milima ya Usambara. Alfajiri ile ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na milima nyuma yetu ilionekana kama imechorwa kwa mkaa.

Kilomita 17 hivi mpaka Segera ni za barabara kuu, na sitaki kumdanganya mtu: malori hupita karibu mpaka upepo wake unakusukuma. Tulishika ukingo, mmoja nyuma ya mwingine, na kila tuliposikia honi ndefu tulishuka kabisa. Si aibu kushuka. Segera tulikunywa chai na mihogo, kisha tukakunja kushoto kuelekea Tanga.

Hapo mashamba ya mkonge yanaanza, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Kijana aliuliza kwa nini mkonge uko kila mahali upande huu. Nilimweleza kuwa si mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na mdomo wa mto Pangani, na ndiyo mama wa mkonge wote wa nchi hii. Mwaka huohuo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga, ile ambayo mwaka 1911 ilifika Moshi. Mkonge uliwaleta katika bonde hili watu kutoka mbali, walioitwa manamba, wengi wao hawakurudi kwao tena.

Hale tulipumzika karibu na mto. Hapa maji yana kazi: kituo cha umeme cha Hale kilianza mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21, na mbele yake kuna kile cha New Pangani Falls cha megawati 68, kilichoanza mwaka 1995. Hale pia ndipo mabaki ya mkonge yalipofanywa gesi ya kuzalishia umeme. Jambo hilo lina maana, kwa kuwa katika kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi zinazopatikana ni kilo 4 au 5 tu. Nyingine zote zilikuwa taka za kutupwa.

Kutoka Hale mto huelekea zake kusini-mashariki nasi tukaelekea Muheza. Pancha ya kwanza ilitupata hapo. Kijana aliitoa tyubu, akaitia ndani ya beseni la maji tuliloazima kwa mama muuza machungwa, akaona mapovu yanapotoka, akabandika kiraka. Nilimtazama mikono. Ilikuwa mikono ya baba yake kabisa. Nikageuka upande nikanunua machungwa ambayo sikuyahitaji.

Tuliingia Muheza saa 9 alasiri, baada ya kilomita kama 55. Magoti yaliniuma hata nikapanda kitanda cha nyumba ya wageni kwa kujisukuma.

Siku ya pili: Muheza hadi Pangani

Njia hii ya kilomita 45 hivi ndiyo tamu kwa mwendesha baiskeli. Tulipopita sisi ilikuwa ya udongo mwekundu, magari machache, na kwa jumla inateremka kuelekea pwani. Unapita machungwa, minazi, mihogo na vijiji ambako watoto hukimbia pembeni wakipiga kelele. Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mpunga barazani alisimama akashika kiuno: "Mwanangu, na umri huo baiskeli?" Nikamjibu, "Shikamoo bibi, naenda ukweni." Akacheka mpaka ungo ukamponyoka. "Basi nenda, ukweni hakuendwi kwa haraka."

Boza njia yetu iliungana na ile itokayo Tanga, na upepo ukabadilika ukawa na chumvi. Jioni tukaona Pangani, nyumba kuukuu za mawe na milango ya mbao iliyochongwa. Mji huu una historia nzito. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim aliongoza upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, na Desemba 1889 akanyongwa hapahapa Pangani.

Tulikaa ukingoni mwa mto. Ng'ambo ilikuwa Bweni, karibu hata unaweza kuona nguo zilizoanikwa. Mvuvi mmoja alitueleza kwamba maji ya chumvi siku hizi hupanda mto mbali kuliko zamani. Sababu yake inafahamika: maji mengi hutumika juu, mashambani na mabwawani, na mto ukipungua nguvu bahari huingia ndani. Niliwaza kwamba hata kati ya watu ni hivyo. Upande mmoja ukinyamaza, chumvi hupanda.

Usiku nilimwambia kijana, "Kesho wewe vuka. Mimi nitakusubiri hapa." Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mama, bibi akiniuliza uko wapi, nimjibu nini?" Sikupata jibu.

Siku ya tatu: Bweni

Tulivuka kwa kivuko, baiskeli zetu katikati ya mikungu ya ndizi na pikipiki. Mafundi walikuwa kazini wakijenga daraja la mita 525, sehemu ya barabara ya kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo. Safari ya maji ni fupi sana. Mimi niliiona ndefu kuliko kilomita mia moja zote.

Karibu na nyumba kijana alipiga kengele mara mbili, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani. Macho yake hayaoni vizuri, lakini alinyoosha shingo. "Kengele hiyo ni ya mwanangu," alisema. "Nani ameileta?"

Nilipiga magoti. "Shikamoo mama. Ni mimi, mkweo, na mjukuu wako." Alinishika kichwa kwa mikono miwili, hakusema neno. Wifi alitokea jikoni, unga mikononi. Tulitazamana. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli yangu, akafungua kamba, akachukua mzigo wangu akaupeleka ndani. Aliporudi alisema, "Wifi, umekonda. Karibu."

Mambo ya shamba hayakwisha siku ile. Tulikubaliana kukaa na wazee, na kila mmoja aseme yake bila kelele. Lakini usiku ule tulilala chumba kimoja mimi na yeye, tukamzungumza marehemu mpaka jogoo wa kwanza.

Kesho yake yeye ndiye aliyetuonyesha upande wa Kikogwe, mahali ile miche 62 ilipoanzia, kisha mimi na kijana tukaendelea hadi Ushongo, kijiji cha wavuvi chenye mchanga mweupe chini ya minazi. Mbele yake baharini ni kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na miti ya mivinje. Miti ilipokwisha, mawimbi yalikila, na sasa ni fungu la mchanga tu.

Kwa anayetaka kwenda

Nenda kati ya Juni na Septemba, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Chukua tyubu mbili za akiba, pampu, viraka na gundi, na mwombe fundi akaze spoku na breki kabla hujatoka. Beba maji lita tatu kwa kila mtu. Barabara kuu ipite alfajiri tu, na kama una wasiwasi nayo, panda gari hadi Muheza na baiskeli yako uanzie hapo. Vaa kitu chepesi na uwe na kanga ya kujifunga unapoingia vijijini. Usiende peke yako, na usiku usiendeshe.

Sisi tulirudi kwa basi, baiskeli zikiwa juu. Ile ya marehemu hairudi stoo tena. Kijana huenda nayo shule, na Desemba ataipeleka Bweni kumwona bibi yake. Mwalimu ameniambia nami nibaki na ya kwake mpaka hapo.